Kadi ya matibabu Magara: asilimia 20 ya bei gani?

Ukiwa na kadi ya CAM, unaambiwa utalipa asilimia 20 tu. Ya bei gani? Anayekulipia hufuata bei ya mkataba wake na kituo cha afya. Tuseme mkataba ni faranga 1,000: atalipa 800. Kituo kikitoza 1,500, zinazobaki 700 ni juu yako, karibu nusu. Kwa hiyo uliza mapokezi kabla ya kutibiwa: mna mkataba na kadi hii, na bei yake ni ipi? Mkimbizi anayelipiwa na shirika aulize vilevile. Dai risiti, hata foleni ikiwa ndefu. Kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali tangu Mei 2006.