Majani ya Kuning'inia

Sisi wa Njombe tuliokua kabla ya barabara ya lami ya Songea kujengwa tulijua pambo moja kubwa la harusi, nalo ni majani. Maua yalikuwapo, ila yalikuwa ya kushikwa mkononi. Nyumba na lango vilivishwa majani. Vijana walisimamisha miti miwili mbele ya ua, wakaipinda ikutane juu, wakaizungushia matawi mabichi, na hapo ndipo alipopita bibi harusi. Upinde kama huo tuliwajengea pia wakubwa waliokuja ziarani, kabla ya Uhuru wa 1961 na baada yake.

Matawi yenyewe yana historia. Tulikata miwati na misonobari kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Muwati ni mti wa Australia. Kwetu ulienea baada ya Kampuni ya Tanganyika Wattle kuanzishwa mwaka 1949, nao ulitakiwa kwa magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Misonobari yetu mingi asili yake ni Mexico. Basi pambo tunaloliita la kienyeji, sehemu yake kubwa ilivuka bahari.

Uko mtambaa mmoja, hata hivyo, ulio wa huku kweli. Vijani vyake ni laini kama unyoya na shina lina vimiiba. Wataalamu huuita Asparagus setaceus, na huota wenyewe kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa umeingia katika nyumba za vioo za Uingereza, na kwa miaka mingi bwana harusi wa London alipobandika ua kifuani, mara nyingi nyuma yake palikuwa na kijitawi cha mmea huu. Sisi tuliozaliwa nao tuliutazama kama kichaka tu.

Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa ziliadimika. Nimeona kumbi zilizopambwa kwa karatasi za chooni zilizosokotwa, zikapendeza, asicheke mtu. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mapambo ya dukani yalirudi kidogo kidogo. Siku hizi kinachotawala ni jani la plastiki, lenye pembe tano, mfano wa mtambaa wa Ulaya uitwao Hedera. Hutengenezwa China, hununuliwa Kariakoo, hupanda na malori hadi Makambako, mji ambao reli ya TAZARA, waliyoijenga Wachina kati ya 1970 na 1975, hukutana na barabara ya Zambia na ile ya Songea.

Huko Makambako ndiko alikoolewa binti wa kaka yangu. Kamati ilikwisha kukodi plastiki. Binti akanijia faragha: "Shangazi, yale ya mama je?" Marehemu wifi yangu alikuwa ameotesha mtambaa ule ukutani mwa nyumba yao Njombe, ukapanda hadi dirishani.

Kamati ilikuwa na hoja. Makambako kuna upepo mkavu, na jani bichi likikauka huangukia chakula. Lakini jani la kuning'inia huchaguliwa kwa namna linavyolala, na hapo plastiki hushindwa: hukaa kama waya ulioamriwa kupinda. Nilishauri plastiki iende juu darini, ambako hakuna anayeigusa, na meza kuu ipewe mtambaa wa wifi. Mwenyekiti aliguna, akakubali.

Tulikata jioni ya Ijumaa, jua limepoa, mashina yaliyokomaa tu, kwa maana machanga hunyauka upesi. Yalilala usiku kucha katika ndoo za maji. Asubuhi tuliyafunika kwa khanga mbichi tukasafiri nayo kilomita zipatazo 60. Yalishuka kutoka mezani hadi karibu na sakafu, na binti alikuwa akiyashika kila mara hotuba zilipozidi urefu.

Usiku plastiki ilihesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Majani ya wifi akina mama waligawana, kila mmoja akisema atakwenda kuyapanda. Ilibidi niwaambie kwamba shina lililokatwa hivyo halioti, mmea huu hutaka mbegu au kisiki chenye mizizi. Waje Njombe mvua zikianza, niwachimbulie.