Sauti Tatu za Mtumishi Mmoja: Katuni za Tom and Jerry katika Mikusanyo ya Video

Kati ya miaka 1940 na 1958, kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa katuni fupi 114 za Tom and Jerry, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Katika baadhi yake, hadi mwaka 1952, yumo mtumishi wa nyumbani, mwanamke mweusi aitwaye Mammy Two Shoes. Kwa kawaida mtazamaji huona miguu yake tu na kusikia sauti yake, kana kwamba hakuumbwa na uso.

Sauti hiyo ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. Lafudhi aliyotakiwa kuiigiza ilikuwa ya dhihaka, na watetezi wa haki za Weusi waliilalamikia taswira hiyo. Katika miaka ya 1960, katuni kadhaa zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni: mtumishi akawa mwanamke mweupe mwenye lafudhi ya Kiayalandi, kwa sauti ya June Foray. Kuelekea mwisho wa karne, maneno yake yalirekodiwa tena na Thea Vidale, mwigizaji mweusi, bila ile lafudhi ya dhihaka.

Kwa hiyo, anayefungua mkusanyo wa video nyumbani hakutani na matini moja, bali na nakala zinazohitilafiana, mfano wa miswada ya tenzi ambayo kila mnakili aliiachia alama yake. Mnamo mwaka 2005 mkusanyo mmoja wa diski ulitanguliwa na maelezo ya Whoopi Goldberg, aliyekiri ubaya wa picha hizo na kutetea kuonyeshwa kwake. Hata hivyo, mkusanyo wa mwaka 2007 uliacha Mouse Cleaning (1948) na Casanova Cat (1951), zenye dhihaka ya rangi.

Ni kweli kwamba mtoto hasomi dibaji. Kumkinga na tusi ni haki. Lakini waliofuta sauti ya kwanza walifuta mambo mawili kwa pamoja: aibu ya waliobuni dhihaka, na kazi ya mwanamke aliyelazimika kuitafutia riziki ndani yake. La kwanza liliwafaa wenye kampuni. La pili lilimpotezea Randolph nafasi yake katika historia. Basi mkusanyo wa haki ni ule unaotaja wazi nakala iliyomo, mwaka wake, na jina la mwenye sauti.