Ua la Usambara: Mmea wa Tanga Uliosambaa Duniani, Makao Yake ya Asili Yakiwa Miamba Michache

Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani huwekwa chungu kidogo chenye mmea wa majani mazito yenye vinyweleo na maua ya rangi ya urujuani. Wanaoununua ni nadra kujua kwamba asili yake ni mkoani Tanga. Wajerumani hadi leo hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara. Lugha nyingine nyingi huliita urujuani wa Afrika tu, ingawa kitaalamu halina undugu na urujuani wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyesimamia Tanga, aliukuta mmea huo mahali pawili: karibu na mji wa Tanga, katika msitu wa nyanda za chini, na juu zaidi milimani Usambara. Alipeleka mimea hiyo kwa baba yake nchini Ujerumani, naye akaifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Wenyeji wa Usambara, ambao milima yao ndiyo iliyoulea, hawakutajwa katika jina hilo. Mwaka 2015 wataalamu waliiingiza jamii yote ya Saintpaulia katika jenasi ya Streptocarpus, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonesha kuwa ni ukoo mmoja.

Jamii hiyo haipatikani porini popote duniani isipokuwa katika Milima ya Tao la Mashariki na maeneo ya pwani yaliyo jirani, nchini Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya. Utajiri wake mkubwa zaidi uko Usambara. Baadhi ya aina hukaa katika eneo dogo mno, pengine korongo moja au mteremko mmoja wa mlima, na zikitoweka hapo hazina pengine pa kutafutwa.

Sababu ya ufinyu huo ni namna mmea unavyoishi. Huota juu ya mwamba, wa chokaa kama ule wa bonde la mto Mkulumuzi karibu na Mapango ya Amboni, au wa mawe magumu ya milimani, mahali penye kivuli na unyevu wa kudumu. Mizizi yake ni mifupi, nayo hushika udongo kiasi cha ukucha uliokusanyika katika nyufa. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Haziwezi kuchipua juu ya jiwe lililokauka. Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa, hata kama hakuna aliyeugusa mmea wenyewe, jua hufika mwambani, utando wa kijani unaofunika jiwe hukauka, na ua hufa.

Misitu ya Usambara Mashariki imepitia mengi ya namna hiyo. Magogo yalivunwa kwa mashine katika miaka ya 1970 na 1980. Kilimo cha iliki, ambacho kwa mtazamaji huonekana hakina madhara kwa kuwa miti mikubwa huachwa imesimama, husafisha mimea ya chini na kuzuia miche ya msitu kukua. Miti mizee inapoanguka, hakuna ya kushika nafasi yake. Mwaka 1997 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye ukubwa wa takriban hekta 8,380. Leo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Huweza kuulizwa kwa nini mmea unaouzwa kwa wingi kiasi hicho ughaibuni uhesabiwe kuwa hatarini. Jibu liko katika vyungu vyenyewe. Jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuwa mmea kamili, lakini mmea huo ni nakala ya mzazi wake. Sehemu kubwa ya maua ya biashara ilitokana na mbegu chache, zikiwemo zile ambazo wakulima wa Los Angeles waliagiza kutoka Ujerumani na Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920. Tofauti za maumbile zilizojengeka kwa muda mrefu, korongo kwa korongo, zimebaki Usambara.

Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, unaotambua mamlaka ya nchi juu ya mimea yake, ulianza kutumika Desemba 1993, miaka 100 baada ya tangazo la Wendland. Tanzania iliuridhia mwaka 1996.

Kwa mkazi wa Jiji la Tanga, jambo hili lina upande wa karibu zaidi. Mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo jiji hupata maji yake, huanzia katika misitu hiyohiyo inayolifunika ua hilo kwa kivuli. Mwananchi anayetaka kuliona porini anaweza kufika Amani, wilayani Muheza, kupitia lango la Zigi, na kutembea na mwongozaji wa hifadhi. Kung'oa mmea, kuchuma jani au kuchukua mbegu bila kibali hakuruhusiwi.