Betri ya simu ikifura, nani alaumiwe?

Kama ulikulia Mombasa enzi za kabambe, kipimo hiki unakijua. Unatoa betri, unaiweka mezani, unaizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, ishafura, tafuta nyingine. Ikikwama, bado nzima. Hakuna mwalimu aliyetufundisha. Nimekiona Likoni, nimekiona Changamwe, nimekiona huku kwetu Kisauni, kikifanywa na mafundi, na mama wa M-Pesa, na watoto wa shule ya msingi. Na ni fizikia safi kabisa: betri bapa inagusa meza kila mahali, betri yenye tumbo inagusa nukta moja tu.

Saa hii kipimo hicho kimekufa. Betri hazijaacha kufura, ila huzioni tena. Zimefungiwa ndani na kubandikwa kwa gundi, kwa hivyo unakuja kujua siku kioo kinapoanza kunyanyuka pembeni au mgongo wa simu unapoachana. Halafu kila mtu anakulaumu wewe. Ati ulichaji usiku kucha. Ati chaja ni feki. Mara nyingine ni kweli, sikatai. Lakini kufura ni tabia ya betri za lithiamu tangu zizaliwe, na wanaozitengeneza wamelijua hilo miaka yote. Kwangu mimi swali ni moja: nani alitakiwa kuiachia betri nafasi, na kwa nini akaacha?

Hebu tuingie ndani ya betri kidogo. Kuna upande chanya na upande hasi, na katikati kuna kimiminika. Ukichomeka chaji, chembe za lithiamu zinatoka upande chanya zinaenda kujipenyeza upande hasi, ambao umetengenezwa kwa grafaiti, yaani tabaka nyembamba zilizolaliana kama kurasa za kitabu. Fikiria matatu ya abiria 14 na konda anayesema "songeni, songeni". Kila anayeingia, mabega yanabanana na mbavu za gari zinasukumwa. Grafaiti ikijaa lithiamu inanenepa kwa takriban asilimia 10. Ukitumia simu, abiria wanashuka na inapungua tena. Hiyo ndiyo pumzi ya betri, inavuta na kutoa kila siku, hata iwe orijino ya bei gani. Na baada ya mamia ya chaji hairudi tena kabisa ilivyokuwa. Inabaki na kitambi kidogo.

Kufura kwa pili ni kwa gesi, na huku ndiko kubaya. Kile kimiminika kikipata joto jingi, au betri ikichajiwa kupita kiasi, kinavunjika na kutoa gesi: kaboni dioksaidi, haidrojeni na nyinginezo. Gesi haina pa kwenda. Hapo tumbo linatoka kabisa.

Sasa historia. Kwenye miaka ya 1970, Stanley Whittingham, akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, alitengeneza betri ya lithiamu inayochajika. Mwaka wa 1980 John Goodenough na wenzake kule Oxford wakapata upande chanya bora zaidi, wa kobalti. (Kobalti nyingi ya dunia leo inachimbwa Kongo, pande za Kolwezi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Hiyo nitaiandikia siku yake.) Karibu wakati huohuo, Mwafrika mmoja, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Moroko, alikuwa Ufaransa akionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye grafaiti bila kuiharibu. Mwaka wa 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda mfano uliokuwa salama kutumia, na 1991 Sony wakaanza kuuza. Nobel ya kemia ya 2019 ilienda kwa Goodenough, aliyekuwa na miaka 97, Whittingham na Yoshino. Yazami hakuwemo. Nobel moja haigawiwi zaidi ya watu watatu, sawa, naelewa, lakini kila unapochaji simu, ile grafaiti inayovuta pumzi ni kazi yake. Angalau 2014 alipewa Tuzo ya Draper pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi.

Hawa wazee hawakuwa wajinga kuhusu kufura. Betri za mwanzo ziliwekwa ndani ya mikebe ya chuma ya duara, na duara si urembo. Mtungi wa gesi wa jikoni kwenu ni wa duara kwa sababu hiyohiyo: presha inasukuma kila upande sawasawa na hakuna ubavu dhaifu. Ukifungua pawabenki ya zamani au betri ya laptopu unakuta vile vikebe, milimita 18 kwa 65. Kichwani mara nyingi vina kidude kinachokata umeme presha ikipanda, na njia ya kutolea gesi mambo yakizidi. Yaani mtu alikaa akajiuliza: hii kitu ikitaka kupasuka, itapasukia wapi?

Shida ni kwamba mkebe wa duara ni mnene, na simu ilitaka kuwa nyembamba. Ikaja betri bapa ya alumini. Tunayoijua zaidi sisi ni BL-5C ya Nokia, ile ya mulika mwizi, ambayo hadi leo inaendesha redio za wazee na spika za watoto. Bapa haina nguvu ya duara, kwa hivyo tumbo lilitoka, na ndiyo maana ilizunguka mezani. Lakini angalia Nokia walivyoipanga: kifuniko cha plastiki kinachofunguka kwa kidole. Betri ikifura, kifuniko kinanyanyuka, unaona, unatoa, unaenda kununua nyingine. Kifuniko kilikuwa nafasi, na kilikuwa kengele pia.

Agosti 2007 mfumo huo ulipimwa. Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji. Milioni arobaini na sita! Na suluhisho lilikuwa nini? Toa betri, soma namba, kama imo kwenye orodha utapewa nyingine bure. Simu yako unabaki nayo.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, Juni 2007, iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani ikiwa na betri ambayo mwenye simu hawezi kuitoa. Nasi Kenya, Machi ya mwaka uleule, tulizinduliwa M-Pesa. Ukizipanga hizo tarehe pamoja unaona kitu: simu inakuwa benki yako katika mwaka uleule ambao wenye viwanda wanaanza kuamua usifungue betri yake. Wengine wote wakafuata polepole. Mkebe wa alumini ukaachiwa mfuko laini, karatasi ya alumini na plastiki, kama pakiti ya krisps. Ni mwepesi, na unaweza kukatwa umbo lolote, lakini hauna nguvu wala mlango wa gesi. Mfuko wa namna hiyo unategemea mambo mawili: kubanwa kwa usawa, na kuachiwa uwazi juu yake. Wahandisi wana kipimo chao cha jumla, kuacha karibu asilimia 10 ya unene wa betri. Betri ya milimita tano inataka nusu milimita ya hewa. Nusu milimita tu! Lakini nusu milimita ndiyo inayotangazwa jukwaani simu mpya ikizinduliwa.

Samsung Galaxy Note 7 ndiyo ilitusomea hesabu hiyo kwa sauti. Ilitoka 19 Agosti 2016, na kufikia 2 Septemba wakatangaza kurudisha simu milioni 2.5 kwa sababu zilikuwa zinawaka moto. Wakaleta betri kutoka kampuni nyingine, nazo zikawaka. Tarehe 11 Oktoba wakaacha kuitengeneza kabisa. Januari 2017 Samsung wenyewe walieleza: kwenye betri za kwanza, mfuko haukuacha nafasi ya kutosha kwenye kona moja ya juu, upande hasi ukapindwa, na pande mbili zikakutana. Zile za pili zilikuwa na kasoro ya kulehemu. Kabla ya maelezo hayo, wahandisi wa kampuni ya Instrumental ya California walishafungua moja wakaandika kwamba ndani ya simu hakukuwa na uwazi wa kutosha wa betri kunenepa. Sababu hizo si moja, na watu wameshabishana sana ipi ilitangulia. Mimi nikizitazama naona kila aliyefungua simu ile akilalamikia kubanana.

Wengi wetu hatukuwahi kuishika Note 7. Sisi tulipata urithi wake: simu nyembamba zilizogundishwa, zikatumika kwingine miaka miwili, zikaja kwetu kama "eks-Uingereza". Zinafika na kitambi tayari. Kisha zinakutana na joto letu, nyuzi 32 au 33 kivulini mwezi wa Machi, na ndani ya chumba cha mabati sitaki hata kukisia. Joto ndilo linaloharakisha ile gesi. Simu imechomekwa, iko chini ya mto, na feni haifiki hapo. Kifaa kilichobuniwa bila nafasi kinaongezewa presha na hali ya hewa.

Na hapo ndipo fundi anaingia. Nimeona kwa macho yangu fundi akitoboa betri iliyofura kwa sindano, gesi inatoka "fsss", anapiga selotepu, anarudisha. Simuiti mjinga, manake mteja amesema hana elfu moja na mia tano ya betri mpya. Lakini ile hewa na unyevu wa pwani vikiingia kwenye lithiamu, umetengeneza moto unaosubiri. Usikubali. Betri iliyofura izimwe, isichajiwe, isibanwe, iwekwe mbali na vitu vya kuwaka.

Halafu ipelekwe wapi? Swali hilo hapa Mombasa lina makaburi. Owino Uhuru, upande wa Changamwe na Jomvu, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kupata risasi, kuanzia 2007 (ndiyo, mwaka uleule) hadi 2014. Betri za magari ni jamaa mwingine, lakini hesabu ni ileile: kile kilichotolewa ndani ya boksi kiliishia kwenye hewa, maji na damu ya wakazi wapatao 3,000, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mtoto wake akapatikana na sumu ya risasi, aliongoza vita hivyo na kupewa Tuzo ya Goldman 2015. Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kutoka kiwanda kuanza hadi hukumu hiyo ni miaka 17.

Ndiyo maana nazitazama bodaboda za umeme kwa jicho la pekee. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme na kampuni ya Spiro, na sasa kubadilisha betri kituoni si ajabu tena. Hizi ni betri kubwa mara mia ya simu, zinachajiwa kwenye joto lilelile. Lakini kitu kimoja nakipenda: dereva harudi nyumbani na tatizo. Anayeiona ile betri kila siku ni mwenye kituo, na akiibana vibaya hasara ni yake. Ni kifuniko cha Nokia kimerudi, kikubwa zaidi. Kitakachofuata, betri hizo zikichoka kwa maelfu, sharti kijulikane kabla hazijachoka, na Jomvu isiwe tena jibu la kwanza.

Upande wa simu, Ulaya wameshapitisha sheria: kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa, ingawa kuna misamaha ambayo kampuni za simu zitaikimbilia. Miaka miwili mitatu baadaye simu hizohizo zitakuwa kwenye meza za eks-Uingereza hapa feri. Kwa sasa, kama simu yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe leo. Abiria wachache, mbavu zinapumua.