UZI: Kabla hujamwita daktari "msaliti", soma historia ya visa yake

1. Wadau, kila madaktari wakigoma hapa Kenya kuna sentensi mbili lazima utazisikia. Upande mmoja unasema madaktari wetu ni wasaliti, tunawasomesha kisha wanatorokea Marekani. Upande wa pili unajibu kwamba ni Marekani inayotuibia. Muhula huu nimesoma historia ya visa zenyewe, na naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja: karatasi. Uzi huu unahusu karatasi hiyo. Ni mrefu kidogo, kaa nao. Sitaji mwanasiasa wala chama, kama kawaida yetu.

2. Kwanza tuelewane maneno. Mtu akimaliza shahada ya udaktari bado si bingwa. Ili awe bingwa wa watoto ama wa upasuaji, anaingia hospitali ya mafunzo akitibu na kusoma kwa wakati mmoja. Marekani mafunzo hayo yanaitwa residensi: miaka 3 kwa magonjwa ya watoto, 5 kwa upasuaji wa jumla, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Na analipwa mshahara. Hapo ndipo uhamiaji unapoingia, kwa sababu anayelipwa mshahara ni mfanyakazi, na mgeni hafanyi kazi pasipo visa inayomruhusu.

3. Mwanafunzi wa kigeni kule huwa na visa ya F-1. Hiyo ni ya kusoma. Akimaliza shahada anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, kwa kawaida miezi 12. Sasa piga hesabu: residensi fupi kabisa ni miaka 3. Kwa hivyo hata Mkenya aliyesomea udaktari hukohuko na kupata alama nzuri, bado lazima atafute visa nyingine.

4. Aliyesomea Nairobi ama Eldoret ana safari ndefu zaidi. Anafanya mitihani ya leseni ya Marekani, anapata cheti cha ECFMG, shirika la Philadelphia lililoundwa 1956 kukagua madaktari waliosomea nje. Halafu wote, mwenyeji na mgeni, wanaingia kwenye mfumo wa kitaifa wa kuoanisha madaktari na hospitali, uliopo tangu 1952. Majibu hutoka Machi, kazi huanza Julai. Mwenyeji anatumia miezi hiyo kutafuta nyumba. Mgeni anaitumia kutafuta visa, na ikichelewa nafasi yenyewe inaweza kupotea.

5. Milango ni miwili. H-1B ni visa ya kazi: hospitali ndiyo inayoomba, na daktari aliyesomea nje anatakiwa awe amefaulu hatua zote tatu za mtihani mapema. Hospitali nyingi hazitaki usumbufu huo. Mlango wa pili ni J-1, visa ya mabadilishano, na huo ndio wengi hupitia. Swali: daktari anayekesha wodini usiku kucha anabadilishana nini na nani? Hapo lazima turudi nyuma.

6. Baada ya vita vya pili vya dunia Marekani ilijenga hospitali kwa kasi. Sheria ya 1946 ilimwaga pesa za serikali kuu kwenye ujenzi, na nafasi za madaktari wa mafunzo zikawa nyingi kuliko vijana waliohitimu nchini. Lakini mlango wa wahamiaji ulikuwa umebanwa na mgao wa kitaifa tangu 1924. Sheria ya 1952 iliziwekea koloni, Kenya ikiwemo, kikomo cha watu 100 kwa mwaka kila moja.

7. Basi wakatumia dirisha la pembeni. Sheria ya 1948 iliruhusu "wageni wa mabadilishano" waje kujifunza, na madaktari wakaja kwa njia hiyo. 1956 likaongezwa sharti: ukimaliza, urudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi. Sheria ya 1961 ndiyo iliyoipa visa hii herufi J. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri: mgeni apeleke kwao alichojifunza. Ilikuwa pia enzi ya Vita Baridi, na Washington ilitaka wageni hao warudi kwao na sifa njema za Marekani.

8. Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Kuanzia 1959 mamia ya vijana wetu walipanda ndege kwenda kusoma Marekani, wakiwa wanafunzi wa kigeni kama hawa wa leo. Daktari wa Kenya aliyesomea Afrika Mashariki alisomea Makerere, mpaka shule ya udaktari ya Nairobi ilipofunguliwa 1967. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno, na wazo la "soma, urudi ujenge taifa" halikuhitaji kuandikwa kwenye visa.

9. Halafu 1965. Mwaka huohuo Marekani ilifuta mgao wa kitaifa na ikaanzisha bima ya serikali kwa wazee na maskini. Wagonjwa wenye bima wakaongezeka, hospitali zikataka mikono zaidi, na madaktari wa nje wakafunguliwa njia hadi ukaazi wa kudumu, ile tunaita grini kadi. 1970 sharti la miaka 2 likalegezwa. Mlango ulikuwa wazi.

10. 1976 mlango ukafungwa. Bunge la Marekani liliandika ndani ya sheria kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari. Sharti la miaka 2 likarudishwa kwa kila daktari wa J-1 anayekuja kwa mafunzo ya ubingwa. Na mpaka leo, mwenye J-1 wa fani nyingine anaweza kusamehewa serikali ya kwao ikisema haina pingamizi. Daktari wa residensi haruhusiwi kutumia njia hiyo.

11. Lakini vijiji vya Marekani vilibaki bila madaktari. Basi 1994 wakafungua dirisha: kila jimbo liliruhusiwa kuwaombea msamaha madaktari 20 kwa mwaka, mradi wafanye kazi miaka 3 mahali penye uhaba. 2002 wakawa 30. Yaani ahadi ya kurudi Kenya miaka 2 inaweza kubadilishwa na miaka 3 kwenye mji mdogo kule mashambani kwao. Na ni halali kabisa. Huyo si mtoro. Amepitia mlango ambao sheria yenyewe iliuweka.

12. Machi 2020, corona ikiwa imepamba moto na ofisi za ubalozi zimesitisha visa za kawaida, Marekani iliwatangazia wahudumu wa afya wenye maombi yaliyokubaliwa wawasiliane na ubalozi wapewe nafasi. Mei 2025 mahojiano mapya ya visa za wanafunzi na za mabadilishano yakasimamishwa kwa wiki kadhaa, katikati ya ile miezi ya Machi hadi Julai. Septemba 2025 likaja tangazo la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Ukiyapanga matukio haya kwa mstari, unaona kitu kimoja: visa ya daktari ni bomba lenye koki, na koki inafunguliwa kwa mahitaji ya Marekani. Sisemi ni dhambi. Kila nchi inapanga mambo yake. Swali langu ni sisi tunapanga nini.

13. Sasa tuifikie ile karatasi. Ili daktari Mkenya apewe J-1 ya residensi, Wizara ya Afya ya Kenya lazima imwandikie barua. Wenyewe wanaiita barua ya hitaji. Inasema mambo mawili: kwamba Kenya inahitaji watu wenye ubingwa anaokwenda kuusomea, na kwamba daktari ameahidi kwa maandishi kurudi. Binamu yangu yuko katikati ya mitihani hiyo, na nyumbani hiyo barua ndiyo inazungumziwa kuliko mtihani wenyewe.

14. Soma tena. Barua ina ahadi ya daktari na ina kauli ya nchi. Ahadi ya daktari ina meno: asipotimiza miaka 2 na asipopata msamaha, hapati H-1B wala grini kadi. Kauli ya nchi haina jino hata moja. Hakuna mahali barua inasema ataajiriwa wapi, kwa mshahara gani, ama kama hospitali itakuwa na mashine ya kutumia huo ubingwa. Tunasema tunamhitaji, basi.

15. Na kuna jambo ambalo sisikii kwenye mijadala. Aliyeandika barua siye mwajiri. Katiba ya 2010 ilipeleka huduma nyingi za afya kwa kaunti, na tangu ugatuzi uanze 2013 madaktari wengi wa umma huajiriwa na kaunti. Wizara Nairobi inasema "tunamhitaji". Daktari akirudi anaambiwa aende kaunti, na kaunti inamwambia bajeti haina. Nani hapo amevunja ahadi?

16. Rekodi iko wazi. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa 2024 ulidumu siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalisema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Katikati hapo, 2018, tulileta madaktari bingwa wapatao 100 kutoka Cuba wakati madaktari wetu wenyewe walikuwa wakilalamika hawana ajira. Kwa hivyo visa na ajira ya bingwa tunajua kuvipanga, tukitaka.

17. Najua jibu litakalokuja: "Mlipa ushuru ndiye aliyemsomesha, basi arudi." Ni hoja ya kweli, siipuuzi. Mama anayejifungua Turkana bila bingwa wa uzazi hali historia ya visa. Lakini hoja hiyo inadai deni upande mmoja tu. Ukimdai daktari miaka yake, mdai pia aliyetia sahihi kwamba nchi inamhitaji.

18. Pia neno "kuibiwa" linatupunguzia kazi. Mwizi haandikiwi barua na mwenye mali. Hapa barua tunaandika sisi, kwa karatasi yenye nembo ya serikali.

19. Kwa hivyo mara nyingine mgombea akisimama jukwaani aseme atazuia madaktari kuondoka, ama atawauza nje kwa maelfu walete dola, muulize maswali matatu. Barua za hitaji zilizotolewa, kuna orodha ya nani amemaliza na lini anatarajiwa? Kuna kaunti iliyotengewa nafasi na pesa kwa jina la ubingwa huo kabla hajapanda ndege? Na akirudi, atalipwa kwa mkataba uliosainiwa ama kwa mwingine utakaotungwa akiwa uwanja wa ndege?

20. Akijibu, tuwekee jibu hapa chini. Akianza kuongea kuhusu uzalendo, rudia swali la pili.