Chumvi Iliyokula Mitutu

Fundi anayefufua bunduki za zamani za .22 hukutana na jambo lilelile mara kwa mara. Kitako ni kizima, chuma cha nje kinapendeza, lakini ukiupeleka mtutu kwenye mwanga na kuchungulia ndani, unaona mashimo ya kutu kuanzia chumba cha risasi hadi mdomoni. Hapo ndipo huanza kazi ya kuung'oa mtutu, na ndipo lawama hutolewa upesi: bunduki ilifyatuliwa mno ikachakaa, au mwenyewe alikuwa mvivu wa kuisafisha. Sikubaliani na hukumu hizo. Risasi ya .22 ni kipande laini cha gramu mbili na nusu hivi, na chuma cha mtutu hustahimili maelfu kwa maelfu yake bila kuchimbika namna ile. Mitutu hiyo iliuawa na chumvi, na chumvi yenyewe ilitoka ndani ya kila risasi iliyonunuliwa dukani.

Chanzo ni namna risasi hizo zilivyotengenezwa. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitoa mfano wa kwanza Paris mwaka 1845. Smith & Wesson wakaleta .22 fupi mwaka 1857, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Massachusetts ikatoa .22 ndefu ambayo bado inauzwa duniani kote. Katika jamii hii ya risasi fataki haikai katika kikombe chake peke yake. Hutandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na bunduki hulipuka pale ukingo unapobanwa na pini ya kufyatulia. Ili mbano mdogo kama huo utoe moto bila kukosa, viwanda vilichanganya fulmineti ya zebaki na kloreti ya potasiamu, mara nyingi pamoja na unga wa kioo. Kloreti ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu kutoka hewani. Katika bunduki kubwa chumvi hiyo husambaa ndani ya moshi wa baruti nyingi. Katika .22 baruti ni kidogo mno, kwa hiyo sehemu ya fataki katika masalia yote huwa kubwa.

Mtu anaweza kuuliza: kama fataki ndiyo yenye hatia, mbona bunduki za miaka ya 1870 na 1880 mara nyingi zina mitutu mizuri kuliko za mwaka 1910? Swali hilo ndilo linalothibitisha hoja. Baruti nyeusi ilichafua mtutu kiasi kwamba mwenyewe hakuwa na hiari. Alimimina maji ya moto, na maji yakaondoka na masizi pamoja na chumvi. Baruti isiyo na moshi ilipoenea miaka ya 1890, mtutu ulionekana safi hata baada ya kufyatuliwa, na watu wakaacha maji, wakapitisha kitambaa chenye mafuta tu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Mwaka 1922 Wilbert Huff, mkemia wa Ofisi ya Migodi ya Marekani, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kutu huendelea chini ya utando wa mafuta, na kwamba kisababishi ni chumvi inayoachwa na fataki. Basi wengi wa wale tunaowaita wavivu walikuwa watu waangalifu waliofuata mazoea ya zama zao. Fataki zisizo na kloreti zilifika katika maduka ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, Remington ikiziuza kwa jina la Kleanbore, na maghala ya risasi za zamani yaliendelea kutumika baada ya hapo.

Miaka hiyo thelathini na ushee ndiyo iliyokuwa ya neema kubwa kwa .22. Nchini Marekani Stevens Favorite ilikuwa bunduki ya vijana wa mashambani, na Winchester ya mwaka 1890, iliyobuniwa na John Browning na nduguye Matthew, ilijaa katika vibanda vya shabaha kwenye maonyesho. Uingereza nako, baada ya wanajeshi wake kuaibishwa na shabaha ya Makaburu, chama cha vilabu vya bunduki ndogo kiliundwa mwaka 1901. Kwa hiyo bunduki zinazopendwa zaidi na wafufuaji leo zilizaliwa katika kipindi kibaya kabisa kwa mitutu.

Namna mtutu ulivyofungwa inatuonyesha kwamba viwanda havikutarajia janga hilo. Favorite hushikwa na skrubu moja chini, na mtutu huchomoka kwa mkono. Winchester ya 1890, katika toleo lake la kugawanyika, huachana vipande viwili ili ibebeke, lakini mtutu wenyewe umekazwa kwa hesi katika mwili wa bunduki, haukukusudiwa kutoka. Nyingine za bei nafuu zimepigiliwa pini ya kukatiza. Hesi iliyokaa miaka mia moja hushikana, na ndiyo maana fundi mwenye busara huchora kwanza mstari mwembamba unaovuka mtutu na mwili, akaacha mafuta ya kupenya yafanye kazi kwa siku kadhaa, kisha akaubana mtutu katika jiriwa yenye vipande vya mbao vilivyopakwa ulimbo. Hatari haipo kwenye mtutu. Ipo kwenye mwili, kwa kuwa chuma chake ni chembamba na hupinda kabla hesi haijalegea. Mstari ule una sababu yake: mtutu ukirudi umekengeuka kidogo tu, mfuo wa kitoa-ganda haukutani tena na kitoa-ganda chenyewe, na nafasi ya ukingo wa risasi, ambayo ni milimita moja hivi, huharibika. Ikiwa pana mno, pini haiwashi fataki. Ikiwa finyu mno, bunduki haifungi.

Wapo wanaosema kwamba kuung'oa mtutu ni kuifuta historia ya bunduki. Wana haki wanapomlenga fundi anayetupa mtutu wa zamani na kuweka mpya. Lakini mtutu unaweza kutobolewa ndani na kuvishwa bomba jipya lenye mifereji, huku sura ya nje, mihuri ya kiwanda na namba vikibaki kama vilivyokuwa. Parker wa Birmingham walijenga jina lao kwa kazi ya namna hiyo. Kwa bunduki itakayorudi kwenye shabaha, naona njia hiyo ni halali. Kwa ile itakayowekwa kabatini, hesi iachwe ilipo, mtutu uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe vizuri, ndipo upakwe mafuta.