Mapenzi na Habari Zake katika Unyaturu

Issuna imo katika njia kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, katika nchi ya Wanyaturu, nayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Wilaya ya Ikungi. Mahali palipo njiani hupata wageni, na pia hupoteza wenyeji. Katika zama za utawala wa Waingereza vijana wengi wa Singida waliondoka kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wakawaacha nyuma wake na wachumba. Kwa hiyo historia ya mapenzi katika nchi hiyo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya habari: nani alijua nini juu ya mwenziwe aliye mbali, na alikijua kwa njia gani.

Wako wasemao kwamba mapenzi ya hiari yaliletwa na shule, redio na simu, na kwamba wazee walioana kwa ng'ombe tu. Kauli hiyo haina nguvu. Harold Schneider, mtaalamu wa Marekani aliyekaa kwa Wanyaturu mwaka 1959 hadi 1960, anajulikana zaidi kwa maandiko yake juu ya mifugo na mali. Walakini mwaka 1971 ilichapishwa makala yake juu ya mahaba ya watu hao. Humo alieleza desturi iitwayo mbuya, yaani urafiki wa mapenzi nje ya ndoa. Ndoa ilifungwa kwa ng'ombe. Mbuya ilifungwa kwa kupendana. Hapana haja ya kuisifu desturi hiyo, maana haikukosa machungu yake. Yatosha kuona kwamba shauku, wivu na siri havikungoja simu.

Barua ilipokuja ilikuta watu wachache wawezao kuisoma. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mtu na atafakari hali ya mwanamke msemaji wa Kinyaturu, akimweleza mtoto wa jirani maneno ya moyo wake, mtoto akiyageuza kuwa Kiswahili cha darasani, na huko kambini mume akisomewa na mtu mwingine. Siri ya watu wawili ilikuwa mali ya watu wanne. Si ajabu barua za namna hiyo zikijaa salamu, mvua na uwele, na mapenzi yakajificha nyuma ya habari za shamba. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1975 wanafunzi wake walitahiniwa nchini kote. Faida za elimu hiyo zilizotajwa sana ni za kilimo na afya. Faida ya mke kumwandikia mumewe pasipo shahidi haikutajwa.

Elimu ya sasa juu ya mioyo ya wapendanao ina asili yake karibu kuliko wengi wadhanivyo. Bibi Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akazitembelea nyumba 26 za Waganda karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga 28 jinsi walivyoshikamana na mama zao. Aliona wengine wametulia na wengine wana wasiwasi; na mama aliyeweza kusimulia kwa utondoti habari za mwanawe, aghalabu mtoto wake alikuwa katika waliotulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver waliyapeleka mawazo hayo kwa watu wazima wapendanao, wakiwagawa katika walio na imani, walio na hofu ya kuachwa, na wakwepao kukaribiwa.

Hofu hiyo ya kuachwa ndiyo iliyopata chombo kikali katika simu ya mkononi, iliyoanza Tanzania mwaka 1994 na kuenea vijijini katika miaka ya 2000. Ujumbe wake una nafasi ya herufi 160, nao hutarajiwa jibu papo hapo. Kimya cha mwezi mzima, ambacho zamani kilisamehewa kwa kulaumu njia na wasafiri, sasa kikidumu saa moja ni mashtaka. Walakini watu walijitungia dawa: asiye na salio la kutosha hubipu, simu ikalia mara moja na kukatwa, na aliyepigiwa hujua kwa mapatano yao kwamba amekumbukwa. Hakuna ujumbe mfupi kuliko huo, wala rahisi zaidi. Pengine kwa aliyetulia hutosha, na kwa mwenye hofu hata kumi hazitoshi.

Na katika nyumba yenye simu moja, ambayo mume au mkwe ndiye mwenye kuishika, mwanamke amerudi palepale aliposimama bibi yake mbele ya mtoto wa jirani: neno lake halimfikii amtakaye ila limepita kwanza mkononi mwa mwingine.